Kumtafuta Mtoto Ambaye Hajachanjwa: Mwongozo Kamili wa Kupanga Kampeni ya Chanjo kwa Kutumia Takwimu za Afya

Kampeni ya chanjo inaposhindwa, mara nyingi huwa imeshindwa mezani, wiki nyingi kabla ya sindano ya kwanza kutolewa kwenye pakiti yake. Idadi ya walengwa ilinakiliwa kutoka kwenye mpango wa mwaka uliopita, kituo cha muda kikawekwa mahali panapofikika kwa gari la msimamizi, na makazi mapya ya pembezoni mwa mji hayakuwamo katika orodha ya mtu yeyote. Mwongozo huu unaeleza, hatua kwa hatua, namna ya kuzitumia takwimu za afya ili makosa ya aina hiyo yagundulike yangali kwenye karatasi. Mfano mkuu utakuwa kampeni ya surua, kwa sababu ugonjwa huo hausamehe makosa ya hesabu: mgonjwa mmoja akiingia katika jamii isiyo na kinga yoyote anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18, na ili uenezi wake ukatike, takribani asilimia 95 ya watu wanahitaji kuwa na kinga.

Tumezoea kuzitumia takwimu za chanjo kuonyesha ni wangapi tumewafikia, ilhali mpangaji wa kampeni anazihitaji kwa kazi iliyo kinyume na hiyo: kumtafuta mtoto ambaye hajafikiwa. Eneo lenye kiwango cha chanjo cha asilimia 90 linaweza kuwa na watoto 10 wasiochanjwa katika kila 100, waliotawanyika huku na huko, na linaweza pia kuwa na kitongoji kizima ambacho karibu hakuna mtoto aliyechanjwa. Wastani ni uleule, lakini katika hali ya pili virusi vikishafika kitongojini vitapita nyumba kwa nyumba. Kila hatua inayofuata imekusudiwa kuuvunja wastani huo hadi sura halisi ya eneo ionekane.

Hatua ya 1: Andika maswali kabla ya kukusanya takwimu

Andika kwenye ukurasa mmoja maamuzi ambayo takwimu zitakusaidia kuyafanya. Je, kampeni inahitajika, au tatizo linaweza kutatuliwa kwa kuimarisha huduma za kawaida za kliniki? Walengwa wawe wa umri gani? Ni maeneo gani yanahitaji nguvu ya ziada, na ni majira gani yanafaa? Takwimu isiyosaidia kujibu mojawapo ya maswali haya inaweza kuachwa, hata kama ni rahisi kupatikana. Anza kazi hii karibu mwaka mmoja kabla ya siku ya uzinduzi, kwa kuwa kuagiza chanjo na kusahihisha orodha za makazi huchukua muda mrefu kuliko wengi wanavyotarajia.

Hatua ya 2: Kusanya vyanzo, kisha uvipime

Vyanzo vya msingi ni taarifa za kila mwezi za chanjo, ambazo katika nchi nyingi huingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa kompyuta wa kukusanya taarifa za afya. Rejista na kadi za chanjo zilizoko vituoni. Orodha ya wagonjwa inayotokana na ufuatiliaji wa magonjwa. Tafiti za kaya. Na sensa pamoja na makadirio yake. Ongeza vyanzo ambavyo mara nyingi husahaulika, kama vile orodha za wanafunzi, kumbukumbu za ugawaji wa vyandarua na taarifa za kampeni zilizopita. Kila chanzo kina udhaifu wake. Taarifa za mwezi hupatikana haraka lakini huongezeka njiani. Utafiti wa kaya ni makini zaidi, ila kwa kawaida hutoa picha ya mkoa mzima na wala si ya kijiji kimoja.

Kabla ya kuziamini taarifa za mwezi, chagua vituo vichache na ufuatilie namba moja kuanzia inakoanzia. Fungua rejista uhesabu majina ya watoto waliopata dozi ya kwanza ya surua katika mwezi fulani, halafu hesabu alama zilizowekwa kwenye karatasi ya kujumlisha ya mwezi huo, kisha tazama kilichoandikwa kwenye taarifa iliyotumwa ngazi ya juu. Ukikuta rejista ina majina 43, karatasi ya kujumlisha ina alama 51, na taarifa inasema 60, usiharakishe kumlaumu muuguzi. Huenda watoto wanane walichanjwa katika huduma ya mkoba, yaani ile inayopelekwa nje ya kituo, na majina yao yakabaki kwenye daftari la pembeni, na huenda 60 ilitokana na mtu kukadiria baada ya karatasi kulowa mvua. Keti naye uulize kwa upole, kwa maana maelezo utakayopewa yatakufundisha zaidi ya namba yenyewe.

Zipo dalili nyingine za kuangalia. Kiwango cha chanjo kinachozidi asilimia 100 humaanisha idadi ya walengwa ni ndogo mno, au watoto wa maeneo ya jirani wanahesabiwa hapo, au dozi zimejumlishwa mara mbili. Waliopata dozi ya tatu ya pentavalenti (chanjo moja inayokinga magonjwa matano) wakizidi waliopata dozi ya kwanza mwezi baada ya mwezi, kuna kosa la uandishi. Namba zikiishia kwa 0 au 5 karibu kila mara, hiyo ni dalili ya makadirio, na si hesabu. Tofautisha pia sifuri na kutokuwepo kwa taarifa: kituo kilichoandika sifuri kimefanya kazi na hakikuona mtoto, ilhali kituo kilichoacha nafasi wazi hatujui kilifanya nini, na mifumo mingi ikijumlisha huvichanganya viwili hivyo.

Hatua ya 3: Sahihisha idadi ya walengwa

Hapa ndipo penye uzito wa mwongozo wote, na ningependa msomaji mwenye muda mchache autumie hapa. Kiwango cha chanjo ni sehemu: juu kuna idadi ya waliochanjwa, chini kuna idadi ya waliostahili kuchanjwa, ambayo katika hesabu huitwa asili. Wasimamizi hutumia siku nyingi kuikagua namba ya juu, na ile ya chini huipokea bila swali, ingawa asili ikikosewa kila kitu kinachotegemea hesabu hiyo kitakosewa: vichupa, sindano, timu, posho na siku.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kituo kimoja kinahudumia eneo ambalo makadirio ya sensa yanaonyesha lina watu 24,000. Tukichukulia kwamba watoto wa miezi 9 hadi 59 ni asilimia 14 ya watu wote, tunapata walengwa 3,360. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanapita kaya kwa kaya na kuorodhesha watoto 4,100. Tofauti ni watoto 740. Kama kampeni itapangwa kwa namba ya kwanza, chanjo zitaisha siku ya nne, kituo kitatangaza kwamba kimefikia lengo, na watoto 740 watabaki bila kinga huku taarifa ikisomeka asilimia 100. Mtu aliyesoma taarifa hiyo akiwa makao makuu hatakuwa na sababu yoyote ya kuwa na wasiwasi.

Kwa hiyo pata angalau makadirio matatu yanayojitegemea na uyaweke bega kwa bega: makadirio ya sensa, hesabu ya kaya, na idadi ya watoto waliofikiwa katika kampeni ya mwisho ya umri unaofanana. Sensa ikiwa imepitwa na muda, makadirio ya watu yanayotokana na picha za setilaiti, kama yale ya mradi wa WorldPop, husaidia kuonyesha mahali palipojengwa baada ya sensa. Makadirio yakikaribiana, endelea. Yakipishana sana, usichukue wastani wao. Nenda mahali penyewe ukajue kwa nini yanapishana, kwa sababu kupishana huko kwa kawaida kuna jina na anwani: kambi ya vibarua, makazi yasiyo rasmi, mpaka wa kiutawala uliohamishwa, au jamii ya wafugaji inayohesabiwa na kila mtu au isiyohesabiwa na yeyote.

Hatua ya 4: Kokotoa wasio na kinga wanavyojilimbikiza

Kuchanjwa na kuwa na kinga si jambo moja. Dozi moja ya surua ikitolewa katika umri wa miezi 9 huwakinga takribani asilimia 85 ya watoto, kwa sehemu kwa sababu kingamwili walizopata kutoka kwa mama bado zinaweza kuizuia chanjo isifanye kazi yake; ndiyo maana dozi ya pili inahitajika.

Katika eneo ambalo watoto 1,000 huzaliwa kila mwaka, tuseme 800 hupata dozi ya kwanza wakiwa na miezi 9. Asilimia 85 yao, yaani 680, watapata kinga, na 320 watabaki bila kinga. Ikiwa hakuna dozi ya pili, baada ya miaka mitatu kutakuwa na watoto 960 wasio na kinga, na muda mfupi baadaye watafikia 1,000. Kanuni inayotumika sana ni kwamba kampeni ifanyike kabla idadi ya watoto wa chini ya miaka mitano wasio na kinga haijafikia idadi ya watoto wanaozaliwa katika mwaka mmoja, kwa hiyo katika mfano huu kampeni isicheleweshwe zaidi ya miaka mitatu. Ikiwa 600 kati ya wale 800 watapata pia dozi ya pili, wengi wa wale ambao dozi ya kwanza haikuwakinga watakingwa sasa, wasio na kinga watashuka hadi takribani 235 kwa mwaka, na muda huo utarefuka na kuzidi miaka minne. Fanya hesabu hii kwa kila eneo dogo, maana muda wa kitongoji cha mbali huisha mapema kuliko wa mji.

Hatua ya 5: Soma orodha ya wagonjwa kwa makini

Orodha ya wagonjwa wa surua huwa na umri, mahali anapoishi mgonjwa, tarehe ya kuanza kwa vipele na hali ya chanjo. Chora wagonjwa kwa makundi ya umri. Wengi wakiwa chini ya miaka mitano, kampeni ya miezi 9 hadi 59 inatosha. Sehemu kubwa wakiwa na miaka 5 hadi 14, kuna pengo la miaka ya nyuma, na kuwaacha wanafunzi nje ya kampeni kutauacha mlipuko ukiendelea shuleni na kurudi nyumbani kwa watoto wachanga. Chora pia tarehe, miaka mitatu au zaidi, uone msimu ambao wagonjwa huongezeka, kisha panga kampeni kabla ya msimu huo, ukiepuka mvua zinazokata barabara na siku za mitihani.

Safu ya hali ya chanjo hupotosha wengi. Katika watoto 1,000, chukulia 900 wamechanjwa na chanjo imefanya kazi kwa asilimia 90. Waliochanjwa ambao hawakupata kinga ni 90, na wasiochanjwa ni 100. Mlipuko ukiwapata wote, karibu nusu ya wagonjwa watakuwa watoto waliochanjwa, na mtu asiyefanya hesabu atatangaza kwamba chanjo haina maana. Ukweli ni kwamba katika waliochanjwa ameugua mmoja kati ya 10, na katika wasiochanjwa wameugua wote. Eleza jambo hili kwa viongozi wa jamii kabla ya kampeni, kwa mfano wa namba ndogo namna hii, kwa sababu swali lenyewe litaulizwa tu.

Hatua ya 6: Tengeneza mpango wa kina wa eneo pamoja na wenyeji

Sasa hamishia yote kwenye ramani. Inaweza kuwa ya kompyuta au iliyochorwa kwa mkono kwenye karatasi kubwa ya ukutani, mradi ionyeshe kila makazi, idadi ya walengwa wake, umbali kutoka kituoni, njia na mito, shule, masoko na nyumba za ibada. Waite viongozi wa mitaa na vijiji, wakunga wa jadi, walimu na wahudumu wa jamii, uwaulize swali moja: ni akina nani wanaishi hapa ambao hatujawachora? Usiwajibie. Ukimya wa dakika mbili mbele ya ramani umewahi kuleta majina ya makazi ambayo mfumo wa kompyuta haukuwa nayo.

Kwa kila makazi, weka mambo mawili kando kwa kando: idadi ya watoto wa dozi sifuri, yaani wale ambao hawajapata hata chanjo moja ya kawaida, na sababu yao. Sababu ndiyo inayoamua mkakati. Watoto waliokosa kwa umbali wanahitaji timu ya mkoba. Waliokosa kwa sababu wazazi hurudi kazini jioni wanahitaji kituo kinachofunguliwa jioni. Waliokosa kwa hofu wanahitaji mazungumzo na mtu wanayemwamini, wiki kadhaa kabla. Kuongeza matangazo ya redio mahali ambapo tatizo ni mto usiovukika ni kupoteza fedha.

Idadi ya timu nayo itokane na ramani. Tukirudi kwa watoto wetu 4,100, tuseme 3,200 wanaishi karibu karibu na 900 wametawanyika. Timu moja mahali penye watu wengi ikiweza kuchanja 125 kwa siku, itahitajika kazi ya siku 26. Mahali penye nyumba zilizotawanyika ikichanja 60, itahitajika kazi ya siku 15. Jumla ni siku 41 za timu moja, na kwa kampeni ya siku sita utahitaji timu saba. Ukitumia wastani mmoja kwa eneo zima, ni timu za mbali zitakazozidiwa, yaani zile zilizopelekwa kwa watoto wanaokosa chanjo kila mara.

Hatua ya 7: Geuza walengwa kuwa vifaa

Hesabu ni fupi. Katika kampeni ya surua hukadiriwa kwamba asilimia 10 ya chanjo itapotea, hivyo zidisha walengwa kwa 1.11: 4,100 hutoa dozi 4,551, sawa na vichupa 456 vya dozi 10. Sindano za kuchanjia zinazojifunga baada ya matumizi ziwe 4,551, na sindano za kuchanganyia unga wa chanjo na maji yake takribani 506, moja kwa kila kichupa pamoja na akiba ya asilimia 11. Sanduku la usalama la lita tano hubeba takribani sindano 100, kwa hiyo utahitaji masanduku 57 ukiweka akiba ileile. Linganisha ujazo wa chanjo na nafasi iliyopo kwenye majokofu kabla shehena haijafika.

Maji ya kuchanganyia yanastahili aya yake. Yatoke kwa mtengenezaji yuleyule wa chanjo, yapozwe hadi nyuzijoto 2 hadi 8 kabla ya kuchanganywa, yasigandishwe, na chanjo iliyochanganywa itupwe baada ya saa sita hata kama kichupa kimebaki na dozi. Mwaka 2018 huko Samoa, watoto wachanga wawili walifariki baada ya chanjo kuchanganywa kimakosa na dawa nyingine badala ya maji yake. Imani ya wazazi ilivunjika, utoaji wa chanjo ukasitishwa kwa muda, na kiwango cha dozi ya kwanza mwaka huo kikakadiriwa kuwa asilimia 31. Takwimu hiyo ilikuwa onyo lililo wazi. Surua ilipoingia mwaka 2019, watu 83 walifariki, wengi wao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mwezi Desemba serikali ilisimamisha shughuli kwa siku mbili, familia zenye watu ambao hawajachanjwa zikatundika kitambaa chekundu mbele ya nyumba, na timu zikapita mlango kwa mlango. Ninapokagua takwimu za eneo na kuona kiwango kimeshuka ghafla, huikumbuka Samoa na kuuliza kilichotokea wiki hiyo.

Hatua ya 8: Tumia takwimu kila jioni

Wakati wa kampeni, kila timu irudi na karatasi yake ya kujumlisha, na kikao cha jioni kisizidi saa moja. Kila timu ijibu: tumechanja wangapi kati ya wangapi tuliowatarajia, ni makazi gani hayakufikiwa, ni vichupa vingapi vimetumika, na je, kumetokea madhara yoyote baada ya chanjo. Dozi zilizotumika zikilinganishwa na watoto waliochanjwa, utaona mapema timu inayopoteza chanjo au inayojaza alama bila kuchanja. Makazi yakifikia asilimia 100 siku ya pili, chukulia kwamba asili ina makosa na uendelee kuchanja. Kuiondoa timu hapo kwa kuwa imefikia lengo ni kosa linalorudiwa sana.

Siku hiyohiyo, msimamizi asiyekuwa kwenye timu apite katika makazi yaliyokwisha kupitiwa na kutazama watoto 20 kwa kufuata alama ya wino inayowekwa kidoleni mwa mtoto aliyechanjwa, akianza na nyumba za mwisho kabisa na si zile za kando ya barabara. Akikuta wawili au zaidi hawajachanjwa, timu irudi. Aandike pia sababu kwa maneno ya mzazi mwenyewe. Orodha ya kaya zilizokataa ibaki mikononi mwa wahudumu wanaoifanyia kazi. Ikisomwa hadharani au kukabidhiwa kwa wasiohusika, mzazi aliyekuwa akisitasita leo atajificha mwaka kesho.

Hatua ya 9: Hakiki na ukabidhi

Baada ya kampeni, fanya utafiti wa kaya zilizochaguliwa kwa sampuli ya nasibu, uendeshwe na watu ambao hawakuchanja, ukitenganisha walioonyesha kadi na waliojibu kwa kumbukumbu. Matokeo yakiwa chini ya yale ya karatasi za kujumlisha, kama yanavyokuwa mara nyingi, chapisha yote mawili pamoja na ueleze tofauti yake. Uliza pia kila mtoto alikuwa na dozi ngapi kabla ya kampeni, kwa kuwa kampeni inayowachanja tena wale ambao tayari walikuwa na dozi mbili inaweza kuwa na asilimia nzuri na bado isipunguze pengo.

Kisha chukua ramani ya ukutani, orodha iliyosahihishwa ya makazi, na majina ya watoto wa dozi sifuri waliogunduliwa, uvikabidhi kwa muuguzi wa kituo ili awaingize kwenye rejista ya kawaida na kuwapangia tarehe ya dozi zilizobaki. Asili mpya, zile 4,100, iandikwe kwenye fomu za mwezi unaofuata badala ya 3,360. Kiwango cha kituo kitashuka kwenye taarifa, na ni wajibu wako kumwandikia mkuu wake barua mapema, ukieleza kwamba kimeshuka kwa sababu watoto waliokuwa hawahesabiwi sasa wanahesabiwa.